Maumivu ya usiku kwenye kifundo cha mguu: uvimbe wa mfupa usio saratani mahali usipotarajiwa

Msomaji ameuliza:

"Shikamoo daktari. Nina miaka 22. Huu ni mwaka mmoja na nusu nina maumivu mbele ya kifundo cha mguu wa kulia. Yalianza baada ya kujitegua kidogo uwanjani. Nimefungwa bandeji, nimefanya mazoezi ya viungo, nimechomwa sindano ndani ya kiungo, lakini wapi. Usiku yananiamsha. Eksirei mbili zilionyesha mfupa uko salama. MRI ikasema uboho umevimba. Daktari mmoja akahisi mfupa umepata ufa kwa kutumika sana, mwingine akataja maambukizi. Juzi nimepigwa CT, nikaambiwa nina osteoidi osteoma kwenye mfupa wa talusi. Wamesema si saratani, ila hilo neno uvimbe limenikosesha usingizi kuliko maumivu yenyewe. Wana uhakika gani? Mbona hawakuuona mapema? Na nikubali kuchomwa kwa sindano au nipasuliwe?"

Marahaba. Nianze na hilo linalokukosesha usingizi. Osteoidi osteoma haisambai mwilini, na haina tabia ya kugeuka saratani. Ni kiini kidogo cha mfupa mchanga uliosukwa ovyo, chenye mishipa mingi ya damu na nyuzi za neva, na kwa kawaida hakizidi sentimeta 1.5 au 2 kwa upana. Kinaweza kukaa hapo miaka bila kuongezeka ukubwa. Kazi yake kubwa ni kuuma, na kuuma huko kuna sababu ya kikemia: kiini kinamwaga prostaglandini kwa wingi, kemikali ileile ambayo aspirini na ndugu zake huizuia isitengenezwe. Ndiyo maana kidonge cha shilingi chache kinaweza kumlaza mtu ambaye dawa nyingine kali zimeshindwa kumtuliza.

Ugonjwa huu si mpya. Henry Jaffe wa New York aliueleza kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 1935, na maelezo yake bado yanatumika: kijana, mara nyingi mwanamume, mwenye umri kati ya miaka 10 na 30, anayeumwa zaidi usiku. Umri wako unaingia humo bila tabu. Kisichoingia ni mahali. Zaidi ya nusu ya vivimbe hivi hukaa kwenye mfupa wa paja na wa muundi. Talusi, yaani ule mfupa uliokaa kati ya muundi na kisigino, haipati mgeni huyu mara kwa mara, na akifika hapo hupenda shingo ya mfupa, upande wa juu. Ndiko unakoumwa.

Sasa mbona hawakuuona? Hili nitalieleza kwa kirefu, maana wengi huishia kulaumu madaktari wote waliowapitia, wakati mwingine kwa haki, wakati mwingine bila haki.

Kiini hiki kikiwa katikati ya mfupa mrefu, utando unaoufunika mfupa hukasirika na kuanza kujenga. Mfupa mpya mgumu unaongezeka kukizunguka kiini, unene unaonekana hata kwa asiye mtaalamu: eksirei inaonyesha upande mmoja wa mfupa umetuna na kuwa mweupe kuliko mwingine, na katikati ya weupe huo kuna kidoa cheusi. Daktari anayejua anaweza kuutaja ugonjwa akiwa bado ameishika picha mkononi. Lakini shingo ya talusi iko ndani ya kiungo au inapakana nacho kabisa. Huko utando huo ni mwembamba, hauna nguvu ileile ya kujenga, kwa hiyo ule ukuta mweupe haujengwi, au unajengwa kidogo sana. Badala yake unavimba utando laini wa ndani ya kiungo, maji yanajaa, na uboho wa mifupa ya jirani unalowa. Kwenye eksirei, mifupa ya kifundo imepandana, kidoa cha milimita sita kinajificha nyuma ya mfupa mwingine. Aliyekuambia mfupa uko salama hakudanganya, alisema alichokiona.

Kisha ikaja MRI, ile picha ya sumaku. Watu wanaiamini MRI kwa sababu ni ghali na inapiga kelele, na kweli kwa kano, misuli na gegedu (lile tabaka laini linalofunika mifupa ndani ya kiungo) haina mpinzani. Lakini kwa ugonjwa huu inaweza kumpoteza msomaji wa picha. MRI huona maji vizuri mno. Ikikuta uboho uliolowa, inaonyesha talusi nzima inang'aa, na kiini chenyewe, ambacho kina mfupa ndani na ni kidogo, kinaweza kupita kati ya kipande kimoja cha picha na kingine au kikamezwa na mng'ao huo. Kinachobaki ni maneno "uboho umevimba", ambayo ni dalili, si ugonjwa. Ufa wa mfupa uliochoka huvimbisha uboho. Maambukizi huvimbisha uboho. Saratani pia. Kila daktari akachagua kutokana na kile alichokizoea, na wewe ukaondoka na majina matatu ya mguu mmoja.

Nadhani kuna kitu kingine kilichochelewesha, nacho ni ile fomu ya kuombea kipimo. Ningepewa kubahatisha, ningesema iliandikwa "maumivu ya kifundo baada ya kujitegua". Msomaji wa picha akisoma hivyo anatafuta kano zilizochanika. Ingeandikwa "kijana, anaumwa usiku, anapata nafuu akimeza ibuprofeni, tafuta kiini", angeitazama shingo ya talusi kwa jicho jingine na pengine angeomba CT, ile eksirei ya kompyuta inayokata picha vipande vipande, palepale. Mara nyingi kujitegua ni sadfa tu. Mtu anayecheza mpira hujitegua, na anayejitegua hukumbuka tarehe; kumbe kiini kilikuwapo au kilikuwa njiani.

Kuhusu uhakika. Mambo mawili yanabeba uzito, na hakuna kati yao linalotosha peke yake.

La kwanza ni historia yako, na hapa naomba uwe mwangalifu. Watu husoma mtandaoni kwamba maumivu ya usiku ni alama ya osteoidi osteoma, wakastarehe. Maumivu ya usiku ni alama ya mambo mengi, yakiwemo mabaya: saratani ya mfupa huuma usiku, usaha ndani ya mfupa huuma usiku, kifua kikuu cha mifupa kadhalika. Kinachotofautisha ni mwenendo. Ugonjwa wako umekwenda miezi kumi na minane mahali palepale, bila homa, bila kukonda, bila uvimbe unaokua wiki hadi wiki (nachukulia hivyo kwa kuwa hukutaja, kama mojawapo lipo, mwambie daktari wako leo). Halafu kuna jibu la dawa. Hukuniambia kama umewahi kumeza aspirini, ibuprofeni au naproksini na nini kilitokea. Mtu mwenye ugonjwa huu mara nyingi hujibu swali hilo haraka: "Nikimeza, nusu saa hivi nimelala." Si wote, lakini wengi. Parasetamoli haisaidii kwa kiwango hicho, na tofauti hiyo yenyewe inasema kitu. Mkono pia hupima: mguu ukinyooshwa vidole vikielekea chini, shingo ya talusi inajitokeza mbele, na ncha ya kidole kimoja ikibonyeza mahali fulani mgonjwa anaruka. Kano iliyochanika huuma eneo. Hii huuma nukta.

La pili ni CT yenyewe, na hii ndiyo nguzo. Omba uoneshwe picha zako, ni haki yako na utaelewa zaidi. CT iliyokatwa vipande vyembamba, vya milimita moja au chini yake, inaonyesha shimo dogo la mviringo lenye kingo laini, na mara nyingi katikati yake kuna nukta nyeupe ya chokaa. Ukitazama kwa makini pembeni ya shimo unaweza kuona vijia vyembamba vinavyoelekea kwenye kiini. Hivyo ni mikondo ya mishipa ya damu inayokilisha, na vikionekana tuhuma inakaribia kuwa hakika. Ufa wa uchovu wa mfupa ni mstari, hauwi duara. Jipu sugu la ndani ya mfupa linaweza kuiga sana, lakini shimo lake huwa na ukuta wa ndani usio sawa, na kipande cha mfupa uliokufa kilichomo ndani huwa na umbo la hovyo na hukaa pembeni badala ya katikati. Kama bado kuna shaka kati ya hivi viwili, MRI inayofuata dawa ya rangi ikiingia mshipani sekunde kwa sekunde inasaidia: kiini cha osteoidi osteoma hunywa damu mapema, karibu sawia na ateri, wakati usaha wa katikati ya jipu haunywi kabisa.

Kipimo cha skani ya mifupa kwa dawa ya nyuklia nacho hukinasa vizuri kiini, hata pale ambapo hakuna anayejua pa kuelekeza CT. Kwako hakihitajiki tena.

Ukubwa nao uangaliwe. Kikizidi sentimeta 2 tunaanza kusema osteoblastoma, ambayo kwa darubini inafanana sana na hii lakini hukua, hubomoa zaidi, na haitulizwi na aspirini kwa urahisi. Talusi pia inaweza kubeba kondroblastoma (uvimbe wa seli za gegedu), uvimbe wa seli kubwa, au mfuko wa damu ndani ya mfupa. Vyote hivyo si saratani, lakini vinatibiwa kwa njia tofauti, na uvimbe wa seli kubwa, ingawa umewekwa kundi la visivyo saratani, safari chache hupeleka mbegu hadi mapafuni. Kwa hiyo neno "si saratani" halitoshi kuwa mwisho wa mazungumzo. Jina kamili ndilo linaloamua tiba.

Kabla sijaingia kwenye tiba, niwaguse wasomaji wengine kidogo, maana ugonjwa huu ukitoka kwenye makazi yake ya kawaida hubadilisha sura kabisa. Kwenye uti wa mgongo huja kama mgongo uliopinda na kuuma kwa kijana. Mpindo wa kawaida wa ujanani hauumi sana, kwa hiyo mpindo wenye maumivu makali utafutiwe sababu, na kiini hukaa upande wa ndani wa mpindo, kwenye sehemu za nyuma za pingili. Kwenye nyonga mtoto anaweza kulalamikia goti, na goti likapigwa picha mara tatu bila mtu kuigusa nyonga. Kwenye kiwiko, mkono unakataa kunyooka na kiungo kimevimba, mgonjwa anaandikiwa dawa za baridi yabisi. Kwenye ncha ya kidole ndiko kwa ajabu zaidi: kidole kinanenepa, ukucha unapanuka na kupinda, na maumivu yanaweza yasiwepo kabisa, hivyo ile dalili ambayo kila mwanafunzi wa udaktari ameikariri inakosekana.

Tiba sasa. Njia ni tatu na nitakuambia ninavyoelemea.

Njia ya kwanza ni kuvumilia kwa dawa. Vivimbe hivi vingi huchoka vyenyewe, vikazimika baada ya miaka kadhaa. Mtu anameza dawa za kundi la ibuprofeni kila siku, maumivu yanatulia, kiini kinazeeka. Ni njia halali, hasa pale kiini kinapokaa mahali pabaya kufikiwa. Ubaya wake ni huo muda. Tunazungumzia miaka miwili, mitatu, pengine zaidi, na dawa hizo zikimezwa kila siku huchuna tumbo na kuzielemea figo. Watoto hawapewi aspirini kiholela, kwa hatari ya ugonjwa wa ghafla wa ini na ubongo. Kwako kuna jambo jingine: kiungo ambacho utando wake umevimba miaka mitatu hakibaki kama kilivyokuwa. Kwa kiini kilicho ndani ya kiungo mimi sipendi kungoja.

Njia ya pili ni hiyo sindano. Ilianzia Boston, ambako Daniel Rosenthal na wenzake waliitangaza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na leo ndiyo chaguo la kwanza kwa sehemu nyingi za mwili. Unalazwa kwenye mashine ya CT ukiwa umepewa nusukaputi au ganzi ya mgongoni. Ganzi ya ngozi pekee haitoshi, kwa kuwa kiini kikiguswa kinauma mno. Hata mgonjwa aliyelala fofofo, ncha ikiingia kwenye kiini, mapigo ya moyo na pumzi huongezeka, na wataalamu huichukulia hiyo kama ishara kwamba wamefika. Mfupa unatobolewa kwa sindano yenye meno, kipande kidogo kinachukuliwa kwenda maabara, kisha inaingizwa elektrodi ambayo ncha yake tu ndiyo iko wazi. Mawimbi ya redio yanaipasha hadi nyuzi 90 za Selsiasi kwa dakika nne hadi sita, na mviringo wa takriban sentimeta moja unaiva. Baada ya hapo plasta ndogo, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kumi hupona, wengine kwa mara ya pili ya kuchomwa.

Ila joto halijui mpaka. Linapika kiini na linapika jirani. Mbele ya kifundo, chini ya ngozi nyembamba isiyo na nyama, hupita ateri inayoshuka juu ya wayo pamoja na neva, na ngozi yenyewe inaweza kuungua. Kanuni inayofuatwa sana ni kwamba neva iwe mbali na ncha kwa angalau sentimeta moja, au isukumwe mbali kwa maji au gesi wakati wa kazi. Pia kuna gegedu. Karibu asilimia 60 ya uso wa talusi umefunikwa gegedu, hakuna msuli unaojishikiza hapo, na damu yake huingia kwa njia chache, nyingi zikipitia shingoni, palepale penye kiini chako. Mfupa wenye njia chache za damu hautakiwi kuchezewa ovyo.

Njia ya tatu ni upasuaji. Zamani walikuwa wanakata kipande kikubwa cha mfupa ili wawe na hakika kiini kimetoka, mgonjwa anabaki na mfupa dhaifu na gipsi ya wiki nyingi. Siku hizi, kiini kikiwa juu ya shingo ya talusi na kimejitokeza usoni, daktari anaweza kukifikia kwa kamera kupitia vitobo viwili mbele ya kifundo. Anakiona kwa macho, mara nyingi kina wekundu unaokitenga na mfupa wa kando, anakikwangua, anausafisha na utando uliovimba, na anapata nyama ya kutosha kupeleka maabara. Hakuna joto. Hilo la maabara ni zito kuliko linavyosikika, kwa kuwa vipande vya sindano huwa vidogo na mara nyingi maabara hujibu "havitoshi kutoa uamuzi".

Kwa hiyo swali lako la sindano au kisu linategemea kitu kimoja ambacho hukuniandikia: kiini kiko usoni mwa mfupa au kimezama? Kikiwa usoni, upande wa juu, karibu na gegedu na ngozi, ningeelemea kamera, mikononi mwa mtu aliyezoea kazi hiyo ya kifundo. Kikiwa kimezama ndani ya mfupa kwa sentimeta moja au zaidi, sindano inashinda bila ubishi. Muulize daktari wako hivi: kiko umbali gani na gegedu, umbali gani na neva, na timu yako imeshawahi kutibu kiini cha mahali hapa? Asiposema milimita, hajaipima picha bado. Mpe muda aipime, au peleka diski ya CT kwa bingwa wa vivimbe vya mifupa.

Kuhusu biopsi, yaani kuchukua kipande cha kupima maabara, ya peke yake kabla ya tiba: historia na CT zikikubaliana, haihitajiki, inachukuliwa katika kikao kilekile. Zikipingana, ifanywe kwanza, na njia ya sindano ichaguliwe na daktari atakayekupasua. Ikitokea kwa nadra kwamba jina likabadilika, njia iliyopitishwa kiholela inaweza kuvuruga upasuaji unaofuata.

Wakati unangoja, usikubali sindano nyingine ya steroidi kwenye kiungo, na usichuliwe. Meza ibuprofeni baada ya chakula kama huna vidonda vya tumbo, pumu inayochochewa na dawa hizo wala tatizo la figo, na andika saa uliyomeza na saa maumivu yalipokwisha. Karatasi hiyo mpelekee daktari.

Baada ya tiba, yale maumivu ya usiku huondoka ndani ya siku chache. Wengine husema usiku wa kwanza tu walijua yamekwisha. Yakibaki wiki baada ya wiki, kiini hakikumalizwa. Yakirudi baada ya kutulia, aghalabu ni ndani ya miaka miwili ya mwanzo, na CT hurudiwa. MRI ya mapema itaonyesha uboho bado umelowa, usitishike, hukauka taratibu. Mpira nao utasubiri: utakanyaga kwa kadiri utakavyoruhusiwa, mara nyingi mapema tu, lakini kukimbia na kuruka kwa kawaida huzuiwa kwa miezi mitatu hivi, maana mfupa uliotobolewa au kukwanguliwa una upungufu wa nguvu mpaka ujazike. Ukirudi uwanjani ukasikia ugumu asubuhi ambao unalainika kwa kutembea, hicho ni kiungo kinachojizoeza. Ukiamka saa nane za usiku kwa maumivu ya nukta ileile, piga simu hospitali asubuhi.